Istilahi za Duka la Mtandaoni: Msaada kwa Mfanyabiashara Mdogo Anayechagua Programu

Utangulizi

Miongoni mwa barua zilizotufikia kutoka kwa wasomaji, imo moja iliyotoka Ntobeye, wilayani Ngara, mkoani Kagera. Aliyeiandika ni mwenye duka la rejareja, auzaye maharage ya kwao na asali anayoinunua Biharamulo. Kijana mmoja fundi wa kompyuta alimwekea programu ya duka la mtandaoni, na kwa majuma machache ya kwanza aliridhika nayo. Kisha mteja wa Mwanza akaagiza magunia mawili ya maharage. Kwenye skrini ya simu ya mwenye duka likatokea neno moja tu: Imepokelewa. Ndugu yetu akaamini kwamba pesa imepokelewa, akayapakia magunia kwenye basi. Kumbe kilichopokelewa ni oda. Malipo hayakuwa yamefanyika, na hadi siku aliyotuandikia yalikuwa bado hayajafanyika. Anatuuliza maswali mawili: kwanza, neno lile lilikuwa na kosa gani, pili, achague programu ipi badala ya ile.

Swali la kwanza ni la kwetu moja kwa moja. La pili laweza kuonekana kuwa ni la mafundi na wachumi, wala si la watu wa istilahi. Hata hivyo tumeona vema kuyajibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu mtu hawezi kuchagua kitu ambacho hajui majina ya sehemu zake. Mwenye duka anapoambiwa kwamba programu hii ni ya bure, na ile ni ya kupanga, na ya tatu ina lango la malipo, hapana budi ajue kila neno linamfunga kwa jambo gani. Asipojua, anayechagua si yeye bali ni muuzaji wa programu.

Kosa la neno moja

Tuanze na neno lenyewe. Oda na pesa ni nomino za ngeli moja, ile ya i- na zi-. Kwa hiyo kitenzi "imepokelewa", kikisimama peke yake bila ya nomino, chakubali vyote viwili: oda imepokelewa, pesa imepokelewa. Msomaji hujazia nomino ile aliyo nayo moyoni, na mwenye duka moyoni mwake ana pesa.

Lau mfasiri angechagua nomino "agizo" na "malipo", sarufi yenyewe ingemlinda mwenye duka. Agizo huchukua li-, malipo huchukua ya-. "Limepokelewa" haliwezi kuwa malipo, na "yamepokelewa" haliwezi kuwa agizo moja. Kiambishi kimoja cha silabi moja kingeyaokoa magunia mawili.

Hapa pana funzo kwa wafasiri wote wa programu. Programu nyingi za aina hii ziliandikwa kwanza kwa Kiingereza, lugha ambayo kitenzi chake hakibebi upatanisho wa ngeli kama chetu. Mfasiri anayepewa orodha ya maneno yaliyotengwa na sentensi zake, akayafasiri moja moja kama apigaye hesabu, huiacha nyuma nguvu kubwa ya lugha yetu. Yafaa kwanza aulize neno hili litaonekana wapi, na linasema habari za kitu gani.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza kwamba hatua zote za agizo ziandikwe kwa upatanisho wa "agizo", na pale penye hatari ya utata nomino itajwe waziwazi. Hatua hizo ni tano: agizo linangoja malipo; agizo limelipiwa; agizo limetumwa; agizo limefika; agizo limefutwa. Mwenye duka atajiwekea kanuni kwamba mzigo hauondoki dukani kabla ya hatua ya pili. Mteja anayetaka kulipa baada ya kupokea, au kwa mali kauli, aandikwe hivyo hivyo, wala asichanganywe na aliyekwisha kulipa.

Gulio, chumba cha kupanga na nyumba ya kujengewa

Katika kazi ya istilahi tunaanza na dhana, kisha tunatafuta neno. Na neno tunalitafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, halafu katika lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, kabla ya kukopa mbali. Neno "duka" lenyewe lilikuja zamani kama mgeni kutoka Kiarabu, na leo hakuna anayelikumbuka kwamba ni mgeni. Kwa hiyo hatuogopi kukopa, ila hatuna haja ya kukopa panapo neno letu. Na katika jambo hili maneno yetu yapo, kwani watu wetu wamefanya biashara sokoni na dukani kwa karne nyingi.

Njia za kuuza bidhaa kwa mtandao ni nne, na tumeziita kwa majina ambayo mkazi wa Ntobeye atayatambua.

Ya kwanza ni gulio la mtandaoni. Gulio ni mahali ambapo wauzaji wengi hukusanyika, kila mmoja na meza yake, chini ya usimamizi wa mtu mwingine. Kampuni ya Jumia, iliyoanzishwa Nigeria mwaka 2012, ni mfano wa gulio la namna hiyo. Faida ya gulio ni kwamba wateja wamekwisha kuwapo. Hasara yake ni kwamba mwenye meza hana uwanja. Jumia ilipofunga shughuli zake nchini Tanzania mwezi wa Novemba 2019, wauzaji waliokuwa na meza humo walilazimika kutafuta pengine pa kuuzia. Tunasisitiza basi kwamba "gulio la mtandaoni" lisiitwe "duka la mtandaoni". Ni dhana mbili, na tofauti yake ni riziki ya mtu.

Ya pili ni programu ya kupanga. Hapa mfanyabiashara ana duka lake mwenyewe, lakini chumba ni cha mtu. Mfano unaojulikana sana ni Shopify ya Kanada, iliyoanza mwaka 2006. Mpangaji hulipa kodi kila mwezi kwa fedha za kigeni. Mwenye nyumba hushughulikia usalama, matengenezo na uhifadhi. Asiyejua ufundi wo wote aweza kufungua duka kwa siku moja. Lakini kodi isipolipwa mlango hufungwa, hata kama mwezi huo mvua iliharibu barabara na mauzo hayakuwapo.

Ya tatu ni programu ya kumiliki. Hii ni kama nyumba ambayo mtu amejengewa: anaichukua programu, anaiweka kwenye nafasi ya uhifadhi aliyoikodi, anaipa anwani yake, na kuanzia hapo matengenezo ni juu yake. Mifano ni WooCommerce, iliyotolewa mwaka 2011 na kufanya kazi juu ya WordPress; PrestaShop ya Ufaransa, iliyotoka mwaka 2007; na OpenCart. Faida ni uhuru wa kubadili kila kitu. Hasara ni kwamba paa likivuja hakuna mwenye nyumba wa kumlalamikia.

Ya nne hatuiiti duka bali kibanda cha simu. WhatsApp Business, iliyotolewa mwaka 2018, humwezesha mfanyabiashara kuonyesha orodha ya bidhaa zake pamoja na picha na bei, na kupokea maagizo kwa mazungumzo. Haina daftari la mauzo la kuaminika, wala haihesabu akiba ya bidhaa. Hata hivyo tusiidharau, kwa kuwa maduka mengi makubwa yalianzia kibandani.

Bure na huria

Neno lililowapotosha wengi kuliko yote ni "bure". Katika Kiingereza neno moja hubeba maana ya kutokuwa na bei na maana ya kuwa na uhuru. Richard Stallman, aliyeanzisha Free Software Foundation mwaka 1985, amelazimika kwa miaka mingi kuwaeleza watu kwamba anakusudia uhuru, wala si bei. Sisi hatuna taabu hiyo, maadam tunayo maneno mawili. "Bure" ni kitu kisicholipiwa. "Huria" ni kitu kisichofungwa, kama tusemavyo soko huria, au kama jina la Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilichoanzishwa mwaka 1992.

Programu huria, basi, ni ile ambayo leseni yake humruhusu mtumiaji kuitumia kwa shughuli yo yote, kuichunguza, kuibadili na kumpa mwingine. WooCommerce, PrestaShop na OpenCart ni programu huria. Aghalabu programu huria hupatikana pia bure, lakini si kila kilicho bure ni huria. Huduma ya kupanga inayotolewa bure kwa siku kadhaa za majaribio si huria hata kidogo.

Na hata programu huria iliyopatikana bure ina gharama zake: uhifadhi, anwani ya tovuti, fundi, na viongezo ambavyo baadhi yake huuzwa. Mfasiri aandikaye "duka la bure" juu ya programu ya namna hii anamwahidi msomaji kitu kisichokuwapo. Wahenga walisema rahisi ghali. Tunapendekeza kwamba katika matangazo na mikataba neno "bure" lifuatwe daima na kitu kinachotolewa bure: leseni bure, uhifadhi kwa malipo.

Kikapu, toroli au rukwama

Mteja anapozunguka dukani huviweka kando vitu alivyochagua kabla ya kulipa. Mahali hapo pa kuviweka pameitwa kwa majina matatu. Wako waliosema "toroli". Lakini kwa Watanzania wengi toroli ni chombo cha kubebea mchanga na matofali, na nje ya maduka makubwa ya mijini hakuna anayekisukuma chombo hicho akinunua sukari. Wengine wametumia "rukwama", kwa maana ya kigari cha kukokotwa. Neno hilo lina asili nzuri, ila wengi wa wasomaji wetu wa bara hawalijui. La tatu ni "kikapu".

Tunachagua kikapu. Kila aendaye sokoni anakijua, kina umoja na wingi ulio wazi, na vitenzi vyake vipo tayari: kutia kikapuni, kutoa kikapuni. Zaidi ya hayo kikapu hakisemi kwamba kitu kimenunuliwa. Mtu aweza kukijaza, akaghairi, akakiacha. Maana hiyo ndiyo inayotakiwa, maana vikapu vilivyoachwa ni jambo la kawaida katika maduka haya, na mwenye duka asivihesabu kuwa mauzo.

Lango la malipo

Hapa ndipo programu nyingi za kigeni zinaposhindwa kumfaa mfanyabiashara wetu. Nyingi zilitungwa na watu waliodhani kwamba kila mnunuzi ana kadi ya benki. Huku kwetu watu wengi hulipa kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine za simu zikafuata na huduma zao. Leo hata mwenye genge huweka ukutani Lipa Namba yake.

"Lango la malipo" ni huduma inayokaa kati ya duka na mtunza fedha, yaani benki au kampuni ya simu. Hupokea ombi la malipo, humwuliza mteja athibitishe kwa namba yake ya siri, kisha huliarifu duka kwamba muamala umefaulu au umeshindwa. Bila ya lango, mteja atalipa kwa simu kando, na mwenye duka atalinganisha kwa macho ujumbe wa simu na daftari lake. Hilo linawezekana ikiwa maagizo ni matatu kwa siku. Yakiwa thelathini, makosa hayakosi.

Kwa hiyo kabla ya kusifu uzuri wa rafu na rangi za duka, mchaguzi aulize: je, lipo lango linalopokea malipo ya simu ya Tanzania na linaloungana na programu hii? Lango hilo hukata kiasi gani kwa kila muamala? Fedha huingia kwenye akaunti baada ya siku ngapi? Nyumba njema si mlango, bali duka lisilo na mlango wa kupokelea pesa si duka.

Mahali pa kupokelea mzigo

Fomu nyingi za programu hizi humlazimisha mteja kuandika jimbo, mtaa, namba ya nyumba na msimbo wa posta. Ni kweli kwamba kazi ya anwani za makazi na postikodi ilisukumwa kwa nguvu nchini mwaka 2022. Hata hivyo mzigo unaotoka Ntobeye haumfikii mteja kwa namba ya nyumba. Hufika kwa jina la mpokeaji, namba yake ya simu, na stendi au ofisi ya basi atakapouchukulia.

Programu ifaayo ni ile inayomruhusu mwenye duka kuondoa visanduku visivyohitajika na kuongeza vingine. Kwa kisanduku kipya tunapendekeza istilahi "mahali pa kuchukulia mzigo", wala si "anwani ya usafirishaji", ambayo haionyeshi kama ni anwani ya mtumaji, ya msafirishaji au ya mpokeaji.

Daftari ni la nani?

Msemo wa wafanyabiashara wetu ni kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika duka la mtandaoni daftari ni orodha ya wateja, maagizo na bei, nalo limo ndani ya programu. Swali ambalo wengi hulisahau ni hili: siku nikihama, je, nitaondoka na daftari langu? Yako maduka yanayoruhusu kulitoa lote katika faili liwezalo kusomwa na programu nyingine, na yako yanayolitoa nusunusu. Kitendo hicho tunakiita "kutoa daftari". Istilahi ya kigeni iliyofasiriwa "kusafirisha nje" imewafanya wengine wadhani kwamba inahusu kahawa inayopelekwa ng'ambo.

Jambo hili lina sura ya sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitunze kwa uangalifu na kwa kusudi maalumu. Majina na namba za simu za wateja ni taarifa za namna hiyo. Fundi aliyeweka programu asiondoke na nywila pekee ya duka mfukoni mwake.

Lugha ya programu

Mwisho, mchaguzi atazame kama programu inasema Kiswahili, na kama maneno yake yaweza kusahihishwa. Kazi ya kufasiri programu si mpya kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na programu hiyo ilithibitisha kwamba kazi za ofisi zaweza kufanywa kwa lugha yetu. Katika programu huria, maneno yote huwekwa kwenye mafaili ya tafsiri ambayo mtu ye yote mwenye ujuzi kidogo aweza kuyarekebisha. Nyingi za kupanga nazo huruhusu kubadili maneno yanayoonekana kwa mteja. Lau fundi wa Ntobeye angelijua hilo, "Imepokelewa" ingaliondolewa kwa dakika chache.

Orodha ya istilahi tunazopendekeza

Agizo: ombi la mteja la kununua bidhaa, kabla au baada ya kulipiwa.
Akiba ya bidhaa: idadi ya bidhaa zilizopo tayari kuuzwa.
Duka la mtandaoni: tovuti ya muuzaji mmoja yenye orodha ya bidhaa, kikapu na njia ya malipo.
Gulio la mtandaoni: tovuti ya msimamizi mmoja wanamouzia wengi.
Kikapu: mahali pa kuweka bidhaa zilizochaguliwa ambazo bado hazijalipiwa.
Kiongezo: programu ndogo inayoongeza kazi katika programu kubwa.
Kutoa daftari: kuchukua kumbukumbu zote za duka katika faili.
Lango la malipo: huduma inayounganisha duka na mtunza fedha.
Programu huria: programu ambayo leseni yake inaruhusu kutumia, kuchunguza, kubadili na kugawa.
Programu ya kupanga: programu itumiwayo kwa kodi, ikihifadhiwa na mwenyewe.
Uhifadhi: huduma ya kuweka tovuti kwenye kompyuta iliyo hewani wakati wote.

Hitimisho

Sasa tumjibu ndugu yetu wa Ntobeye. Maadam maagizo yake ni machache kwa juma, tunaona hana haja ya kukimbilia programu nyingine kubwa. Aanze na kibanda cha simu na Lipa Namba, na daftari la karatasi lenye zile hatua tano za agizo. Maagizo yatakapozidi uwezo wa daftari, na ikiwa fundi anayemwamini yuko karibu, achague programu huria ya kumiliki. Ikiwa fundi yuko mbali, programu ya kupanga itamfaa zaidi, mradi kodi yake aimudu hata katika miezi ya biashara dhaifu. Kwa vyo vyote aulize kwanza habari za lango la malipo, mahali pa kuchukulia mzigo, daftari na lugha, kabla ya kuuliza bei. Na kabla ya kuacha programu aliyo nayo, amwombe fundi wake aibadilishe ile "Imepokelewa" iwe "Agizo limepokelewa, malipo bado". Huenda kosa halikuwa la programu.

Istilahi tulizozitaja ni mapendekezo, si amri. Zitakomaa kwa kutumiwa dukani. Tunawaomba wasomaji, hasa wenye maduka na mafundi, watuandikie maneno wanayoyatumia wao kwa dhana hizi. Kule Ngara, ambako Kihangaza na Kishubi husemwa pamoja na Kiswahili, na mpaka wa Burundi na Rwanda uko karibu, huenda likawapo neno la biashara lililo bora kuliko haya yetu. Likiletwa, tutalipima kwa furaha.